Vifungo vya Mbele

Waya wa sidiria ulitoboa kitambaa na kumchoma Dafrosa chini ya titi la kushoto padri alipokuwa akiinua kikombe. Alikuwa amepiga magoti pamoja na kanisa zima, hivyo hakuweza kunyanyuka wala kujikuna. Aliuma midomo. Kengele ilipolia mara ya tatu machozi yalikuwa yamemfika kidevuni, na mwanamke aliyekuwa pembeni yake akamgusa mkono kwa upole, akidhani ni uchaji.

Alirudi nyumbani Ipuli kwa miguu, kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni kuuzuia ule waya usizidi kuingia. Jua la Oktoba lilikuwa limekausha kila kitu isipokuwa yeye. Chumbani alifunga mlango kwa komeo, akajivua. Waya ulikuwa umemchana kama kucha ya kuku. Lakini hilo lilikuwa jambo la siku ile tu. Ya siku zote yalikuwa mengine. Mabegani kulikuwa na mifereji miwili iliyochimbwa na mikanda, myeusi na migumu kama sugu ya punda wa mizigo. Na chini ya matiti, mahali ambapo jasho halikauki, ngozi ilikuwa imelika, nyekundu, na inanuka kidogo hata aoge mara tatu kwa siku.

Alikuwa na miaka sitini na tatu. Bega lake la kulia lilikuwa limekamaa tangu mwaka juzi, mkono hauendi nyuma wala haupandi juu ya sikio. Marehemu mumewe, Eliya, ndiye aliyekuwa akimfungia vifungo vya mgongoni miaka yake ya mwisho, akinung'unika kwamba vidole vyake vilizoea reli na si vitu vidogo namna hii. Eliya alipofariki, kazi hiyo aliichukua mjukuu, Martha, mwenye miaka saba. Kila asubuhi kabla ya shule Martha alisimama juu ya kigoda nyuma ya bibi yake, ulimi nje, akivuta kifungo kwenye kitanzi. Mpaka siku Advera, mama yake, alipochungulia mlangoni.

"Mama, usimfundishe mwanangu mambo ya kizee," alisema. "Kama huwezi kuvaa, si uache?"

Basi Dafrosa akawa anaifungia sidiria tumboni kisha anaizungusha mwilini, akisukuma na kuvuta mpaka jasho linamtoka. Sasa na yenyewe imekufa.

Jioni ile alimfuata mkwewe jikoni. Advera alikuwa akichambua mlenda, simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, inaimba.

"Mwanangu, ukienda sokoni kesho naomba uniangalizie sidiria. Isiyo na waya. Yenye mikanda mipana."

Advera hakuinua macho. "Kwani bado mnavaa? Mimi nilijua mkifika umri huo mnapumzika. Funga kanga tu, mama. Nani anakuangalia?"

"Siyo ya kuangaliwa. Naumia."

"Haya, nitaona." Akaongeza sauti ya simu.

Hakuona. Siku nne Dafrosa alikaa bila. Kwenye bomba la mtaa aliinama kuinua ndoo, na wanawake wawili waliokuwa nyuma yake wakaacha kuzungumza, kisha wakacheka kile kicheko cha puani. Usiku ngozi ilishikana na ngozi, ikichanika kila alipogeuka. Siku ya tano alijifunga kanga kifuani, akavaa blauzi juu yake, akaenda sokoni mwenyewe.

Upande wa mitumba sidiria zilikuwa zimemwagwa juu ya turubai, kilima kizima, nyeusi na nyekundu na za maua. Muuzaji, kijana mmoja aitwaye Hilari, alikuwa amesimama juu ya kreti akiimba bei. Dafrosa alichutama pembeni akaanza kuchambua. Zote zilikuwa na waya. Zote zilikuwa ndogo, zimejaa sponji, mikanda yake kama kamba za viatu.

"Mama unatafuta ya binti?" Hilari aliuliza.

"Yangu."

Kijana alimpima kwa macho kutoka juu. Kisha akazamisha mkono kwenye kilima, akaibuka na sidiria moja kubwa iliyochakaa, akaivaa kichwani, kikombe kimoja kikimfunika mpaka masikioni.

"Jamani, kofia ya baridi hii hapa! Ya mama na ya baba kwa bei moja!"

Watu walicheka. Walicheka wanawake zaidi, wakiwa wameshika za kwao. Dafrosa alisimama kwa taabu, akishika goti, na aliponyanyuka kanga ililegea ndani ya blauzi ikashuka. Akaikumbatia kwa mikono miwili, akaondoka hivyohivyo, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Mwanamke mmoja alimfuata mpaka kwenye maduka ya vyombo. Alikuwa mtu mzima kama yeye, mwalimu mstaafu, kwa jinsi alivyosema.

"Dada yangu, usihangaike na hao. Nenda kwa Mama Aftab, duka la vitambaa, karibu na msikiti wa Wahindi. Usiulize mbele za watu. Mwambie unataka kupimwa."

*

Mama Aftab, jina lake Kherunisa, alikuwa mjane mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alizaliwa Tabora, na baba yake kabla yake. Aliposikia neno "kupimwa" alimuuliza jina, akamwita mlinzi wake, mzee Shomari, aketi mlangoni, akamwongoza Dafrosa nyuma ya pazia, palipokuwa na cherehani na kioo kirefu.

"Vua yote," alisema. "Na mimi ninayo kama hayo, usijali."

Dafrosa alivua akitazama ukuta. Alisubiri mguno. Hakuusikia. Alichosikia ni mwanamke yule akivuta pumzi polepole, kisha vidole vikavu vikagusa mfereji wa begani, vikaufuata mpaka mwisho.

"Hii ya miaka mingapi?"

"Sijui, mama. Mingi."

"Wote sisi ni hivi. Nguo zinashonwa kwa wasichana, halafu sisi tunaambiwa miili yetu ndiyo mibaya." Alizungusha futi kifuani, akaandika kwenye mkono wake kwa kalamu. "Umevaa namba ya mtu mwingine, Dafrosa. Maisha yako yote. Mkono unafika nyuma?"

"Haufiki."

"Basi vifungo nitaweka mbele. Mimi mwenyewe nashonea mbele tangu vidole vilipoanza kuuma. Pamba tupu, hakuna waya. Mikanda vidole vitatu. Na hapa chini nitaweka kitambaa cha kunywa jasho." Akampa kopo dogo la dawa. "Paka hii usiku, ukauke kwanza."

Bei ilikuwa elfu thelathini kwa mbili. Dafrosa alikuwa na elfu ishirini aliyopata kwa karanga zake, akaahidi kumalizia mwisho wa mwezi. Mama Aftab alikubali kwa kutikisa kichwa, akauliza anakaa wapi.

"Ipuli."

"Shomari anapita huko akirudi kwake. Atakuletea Ijumaa, usije tena na jua hili."

Kisha, mbele ya Dafrosa, akamwagiza mlinzi wake: "Kifurushi chake kikiwa tayari utampa mwenyewe mkononi. Siyo mtu mwingine. Umenielewa? Ni siri ya mama."

Alisema hivyo kwa wema.

*

Ijumaa jua likielekea kuzama Shomari alifika na baiskeli yake, amevaa kanzu safi ya sala ya mchana. Advera alikuwa kibarazani akisuka nywele za jirani.

"Hodi. Mama Dafrosa yupo?"

"Amelala. Nipe mimi hiyo."

"Samahani, mwanangu. Nimeagizwa nimpe mwenyewe mkononi."

Mkono wa Advera ulisimama katikati ya nywele. Alimtazama yule mzee, kanzu yake, ndevu zake zilizochanwa, kifurushi cha gazeti kwapani. "Umeagizwa na nani?"

"Ni siri ya mama," Shomari alijibu, kwa uaminifu wote.

Dafrosa alitoka, akapokea, akamshukuru, akarudi ndani upesi. Advera na jirani yake walitazamana.

Asubuhi Dafrosa alivaa ile ya kwanza. Alifunga vifungo vinane kimoja kimoja mbele ya kifua chake, kwa mikono yake mwenyewe, bila kumwita mtu. Alisimama. Akangoja maumivu, kama mtu anavyongoja mgeni wa kila siku, lakini hayakuja. Alikwenda bombani akarudi na ndoo bila kupumzika njiani. Mchana, akibangua karanga uani, alijikuta anaimba wimbo wa zamani wa Kinyamwezi wa kuvuna, na aliimba mpaka karanga zikaisha.

Advera aliusikia wimbo ule toka mwanzo hadi mwisho. Usiku alimweleza mumewe. Revocatus alikuwa amerudi na lori la tumbaku, amechoka, macho yamejaa vumbi.

"Mama yako ana mtu."

"Usinichekeshe."

"Mwanamume anakuja mpaka mlangoni na vifurushi. Mwislamu, wa umri wake. Mimi nikanyimwa kushika. Nimekwenda kuangalia chini ya godoro lake kuna nini." Akamwonyesha. Alikuwa ameichukua ile ya pili.

Revocatus aliitazama nguo ile, akageuza uso. Kisha akasema kile kilichokuwa akilini mwake tangu siku ya msiba. "Akiolewa, hii nyumba itakuwaje?"

*

Baba mdogo Justus, mdogo wake Eliya, alifika kutoka Nzega kwa basi la Jumamosi iliyofuata. Yeye ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo. Jumapili baada ya misa walikaa sebuleni: Justus kwenye kiti cha Eliya, Revocatus, Advera, na Octavian, kiongozi wa jumuiya, aliyeitwa awe shahidi. Dafrosa alipewa stuli. Alijua kuna jambo, ila alidhani ni shamba.

"Shemeji," Justus alianza, "hatukukuita kukuonea. Tumekuita tujue." Akamwashiria Advera.

Advera aliingia na sinia, lile la kuandalia wageni, akaliweka mezani na kuondoa kitambaa. Sidiria ilikuwa imelazwa katikati, imekunjuliwa, vikombe viwili juu.

Dafrosa aliinua mkono kuichukua, Justus akatangulia, akaisogeza mbali kwa ncha ya fimbo yake.

"Hii ni nini?"

"Ni sidiria, shemeji. Hujapata kuiona?"

"Nimeiona. Ndiyo maana nauliza. Mke wangu analingana na wewe. Hana."

"Kamuulize kama haumii."

"Usinijibu hivyo." Justus aliinama, akaichokoa tena kwa fimbo, mpaka vifungo vikaonekana. "Octavian, wewe ni mtu wa Mungu na una mke. Za kawaida zinafungwa wapi?"

Octavian alikohoa. "Nyuma, mzee."

"Nyuma. Hata mimi najua. Sasa hii iko mbele. Vifungo vya mbele, shemeji, ni vya kufunguliwa na nani?"

Advera alifunika mdomo. Haikujulikana kama anacheka.

"Bega langu halifiki nyuma," Dafrosa alisema. "Revo, wewe unalijua bega langu. Ulinipeleka mwenyewe kuchomwa sindano. Waambie."

Revocatus alikuwa akitazama simu yake, ambayo ilikuwa imezima. "Mama, jibu unachoulizwa."

"Nimejibu."

"Yule mwanamume ni nani?" Justus aliuliza.

"Mlinzi wa duka la Mama Aftab. Ameleta mzigo tu."

"Mlinzi anakataa kumpa mkwe wako mzigo, anasema ni siri yenu?"

"Siyo siri yetu. Ni siri yangu."

"Ahaa," alisema Justus, akaegemea nyuma. "Umesema mwenyewe. Na pesa za kununulia zimetoka wapi? Mjukuu wako anavaa sare imepauka, bibi anajipamba kifua. Sikiliza. Mjane akitaka kuolewa hatumkatazi. Ila nyumba ni ya marehemu kaka. Atoke alivyoingia. Kule Bukene kuna kibanda cha mama yetu, unaweza kukaa mpaka huyo mzee wako akuchukue."

Dafrosa alimtazama mwanawe. Alimtazama muda mrefu, na kama Revocatus angeinua kichwa wakati ule, pengine yaliyofuata yasingetokea. Hakuinua.

Akasimama. Akafungua blauzi, kitufe baada ya kitufe, halafu vile vifungo vinane vya mbele. Hapakuwa na hasira mikononi mwake. Alifanya kama alivyofanya nyuma ya pazia la Mama Aftab, ambako mtu alitazama akaelewa.

"Oneni," alisema, akigeuza bega. "Oneni hapa." Akainua titi la kushoto kwa kiganja, kidonda kikaonekana, bado kibichi. "Hiki ndicho kilichonipeleka dukani. Revo, tazama. Uliyanyonya haya miaka miwili, hayakukutisha. Tazama!"

Kiti cha Justus kilianguka kwa kishindo. Alikuwa amefunika macho kwa koti. "Anamlaani mtoto kwa titi alilonyonya! Anamtolea radhi za maziwa! Toka, Revo, toka nje!" Octavian alipiga ishara ya msalaba akirudi kinyumenyume mpaka ukutani. Advera alipiga yowe. Na Revocatus, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, alikimbia akajigonga kwenye fremu ya mlango, akaenda kutapika chini ya mpapai.

"Sijalaani mtu," Dafrosa alisema. "Nawaonyesha kidonda."

Aliyasema hayo kwenye chumba kitupu; wengine nao walikuwa wameshatoka mbio.

*

Revocatus na mkewe walihama juma lile lile, wakapanga vyumba viwili upande wa stesheni. Martha alipitishwa mbele ya bibi yake amefunikwa kichwa kwa kitenge, kama mgonjwa. Octavian hakuwa msengenyaji, ila kila aliyemuuliza alimweleza, ili watu wasiseme uongo. Shomari alisikia, akabadilisha njia ya kurudi kwake. Bombani wanawake hawakucheka tena. Walimpisha atangulie kuteka maji, wote, wakiwa kimya, na Dafrosa akatamani kile kicheko cha puani.

Novemba lori la Revocatus lililala ubavu kwenye matope likiwa na tumbaku ya watu. Alivunjika mguu, akapoteza kazi. Watu walihesabu siku kati ya kikao na ajali. Mtoto mmoja alitupa jiwe juu ya bati la Dafrosa, na kesho yake watu wazima wawili wasiojulikana waliegemea uzio wake kwa muda mrefu, wakizungumza kwa sauti ya chini juu ya macho yake mekundu. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi. Katika nchi ile, mwanamke mzee akishaanza kutazamwa macho, anajua kwamba ataitwa mchawi, na anajua kinachofuata. Dafrosa alianza kulala na shoka kando ya kitanda.

Kisha Martha akaugua.

Walikuja asubuhi, wote: Justus, Octavian, Revocatus kwenye magongo, Advera amembeba mtoto mgongoni, miguu ikining'inia. Justus alikuwa na bakuli la maji yaliyotiwa unga wa mtama.

"Tumekuja kuomba," alisema Justus. Sauti yake haikuwa ya kuomba. "Ondoa ulichokiweka."

"Mmempima?"

"Ana malaria," Advera alisema. Uso wake ulikuwa umekwisha. "Amepewa vidonge. Anavitapika."

"Amekunywa mara ngapi?"

"Mara mbili tu."

"Mpe tena na uji mwepesi. Ukimaliza dozi atapona. Siwezi kuondoa kitu ambacho sikukiweka."

"Mama," alisema Revocatus. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu siku ile. "Mama, sema tu. Nakuomba. Sema."

"Niseme uongo?"

Justus akasogea karibu, akanong'ona ili wengine wasisikie. "Mtoto huyu akifa, shemeji, mimi sitakuwa na uwezo wa kuwazuia vijana wa mtaa."

Dafrosa aliangalia miguu ya Martha. Soksi moja ilikuwa imeshuka. Akapokea bakuli. Akapiga funda, akayapuliza maji yale juu ya kichwa cha mjukuu wake, kisha juu ya mwanawe aliyekuwa amepiga goti kwa shida na mguu wake wa plasta. Justus alimtamkisha maneno, naye akayafuata kama mtoto wa mafundisho ya ekaristi.

"Nilichokilaani kwa kinywa changu na kwa maziwa yangu, nimekirudisha."

"Sema kwa sauti."

"Nimekirudisha."

Octavian alikuwa ameshika simu yake mbele ya kifua. Baadaye alisema alikuwa akiangalia saa.

Advera alimpa mtoto vidonge kwa uji mwepesi. Siku ya tatu, dozi ilipokwisha, homa ikakatika, Martha akaomba ugali. Ipuli nzima ikapata uhakika. Waliokuwa na shaka walionyeshwa video kwenye simu ya Octavian, sauti yake mwenyewe, uso wake mwenyewe. Padri alimshauri apumzike kuhudhuria kikundi cha akina mama kwa muda, mpaka maneno yatulie.

Revocatus na mkewe walirudi nyumbani kabla ya Krismasi, maana kodi ya stesheni iliwashinda. Justus ndiye aliyepanga: Dafrosa akae kwenye stoo ya uani, na mafiga yake mwenyewe, asipike chakula cha wengine. Hati ya nyumba aliondoka nayo kwenda Nzega. Dafrosa hakubishana. Angebishana vipi, na alikiri? Alisafisha stoo, akapanga vyombo vyake. Kila asubuhi alioga, akajipaka dawa ya Mama Aftab, akajifunga vifungo vinane. Vidonda vilikuwa vimefunga. Siku hizo mwili haukumuuma mahali popote.

Shule zilipofunguliwa Januari, Martha alitoka na sare mpya, mkoba mgongoni. Uani alisimama mahali ambapo mama yake alikuwa amemwonyesha asipapite.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Alitaka kuongeza, Mungu akutangulie, usome sana. Lakini dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na Advera alikuwa ameacha kusugua sufuria ili asikie. Dafrosa akafunga mdomo. Mtoto alingoja kidogo, kwa kuwa mabibi huwa na neno la kuongeza, kisha akageuka akaenda zake.